Habari za Motokaa za Ng'ambo, Tangu Kongwa Hata Migato

Katika kurasa nyingine za kitabu hiki cha Jubilei mmesimuliwa habari za makanisa yaliyojengwa, na za shule zilizofunguliwa, na za wazee waliotutangulia. Sisi tumepewa kazi ya kueleza jambo ambalo watu wengi hulipita bila kulitazama, nalo ni hili: motokaa zilizokwisha kutumiwa ng'ambo, zile zenye kusukumwa kwa magurudumu yote manne, zilifikaje katika nchi yetu, na zinafikaje leo katika pande za Migato. Labda mtu atauliza, Kwa nini kupoteza wino kwa habari za chuma? Twajibu kwamba hakuna shauri linalokula fedha za parokia, na za zahanati, na za shule, kama shauri la gari. Tena hakuna shauri ambalo watu huliingia kwa haraka kama hilo, wakitazama picha na bei, wasiulize neno jingine.

Kwanza na tuitazame nchi yenyewe. Migato ni kata ya Wilaya ya Itilima katika Mkoa wa Simiyu. Mkoa huo na wilaya hiyo vilianzishwa mwaka wa 2012. Kabla ya hapo watu wa Migato walihesabiwa katika Wilaya ya Bariadi, Mkoa wa Shinyanga, na wazee wakumbuka zamani zaidi, wakati pande hizi zote zilipotawaliwa kutoka Maswa. Msukuma aliyezaliwa hapa hahitaji kufundishwa aina za udongo. Ajua luseni, mchanga wa miinukoni ambao gari lolote hupita. Ajua itogolo, ardhi ngumu inayoteleza ikilowa. Na ajua mbuga, udongo mweusi wa mabondeni, ambao wakati wa kiangazi hupasuka nyufa hata mguu wa ndama waweza kuingia, na wakati wa masika hugeuka kuwa kitu kama ugali usioiva. Mvua huanza kwa kawaida mwezi wa Novemba na kuendelea, pengine kwa kukatika katika, hata Mei. Katika miezi hiyo vijito vinavyoteremka kwenda mto Simiyu hujaa kwa saa chache, kisha hupungua, na mwenye safari hukaa ng'ambo akingoja. Basi swali la gari gani linafaa Migato si swali la fahari hata kidogo. Ni udongo huu unaouliza.

Kabla ya motokaa watu walikwenda kwa miguu, na mizigo ilichukuliwa kichwani. Baadaye yakaja magari ya kukokotwa na ng'ombe, na baiskeli, navyo vingali vikitumika. Mgonjwa alilazwa juu ya gari la ng'ombe, au alifungwa kitandani akabebwa na vijana kwa zamu. Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka wa 1928, ikipita Shinyanga na Malampaka. Na tangu hapo kitu kizito kutoka pwani kiliweza kusogea karibu nasi. Lakini kutoka stesheni hata vijijini palibaki mwendo mrefu, na katika mwendo huo reli haikuwa na msaada.

Shida hii haikuwa yetu peke yetu. Mwaka wa 1925, huko Ovamboland, katika nchi ambayo leo ni Namibia, padre mmoja Mjerumani jina lake Otto Fuhrmann alifariki kwa ugonjwa, kwa kuwa hapakuwa na chombo cha kumfikisha upesi hospitalini. Rafiki yake, Padre Paul Schulte wa Shirika la Oblate, aliyekuwa rubani wa vita, hakukubali kulia tu. Mwaka wa 1927 alianzisha Ujerumani chama kiitwacho MIVA, ambacho kazi yake ilikuwa kuwapatia wamisionari motokaa, mashua na ndege. Huko Austria chama cha jina hilo kilianzishwa mwaka wa 1949, na wenye magari wa nchi ile wana desturi ya kutoa sehemu ya kumi ya senti kwa kila kilomita waliyosafiri bila ajali, ili nchi za mbali zipate vyombo vya safari. Desturi hiyo twaipenda sana, maana mtoaji humkumbuka mwenye shida kwa hesabu ya safari zake mwenyewe. Walakini chama chaweza kununua gari. Kulitunza hakiwezi, likiisha kufika kwa mwenyewe.

Jambo hili la utunzaji nchi yetu ililijua mapema, tena kwa hasara kubwa sana, na walimu wanaofundisha historia ingefaa walieleze zaidi kuliko wanavyofanya. Twasema habari za karanga za Kongwa.

Vita vya pili vya dunia vilipokwisha, Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kupikia. Ikaamuliwa kulima karanga, hasa Tanganyika, katika mashamba makubwa mno, zaidi ya eka milioni tatu, yakianzia Kongwa katika Ugogo, na mengine Urambo na Nachingwea. Wakaguzi wa kwanza walikuja mwaka wa 1946, na kazi ikaanza mapema mwaka wa 1947. Sasa, mitambo ya kung'oa misitu ingetoka wapi? Viwanda vya Ulaya vilikuwa vimechoka kwa vita, na matrekta mapya yalikuwa na foleni ndefu ya wanunuzi. Basi wakubwa wa mpango ule wakanunua vilivyokwisha kutumika. Matrekta mengi yalitoka Ufilipino, mahali jeshi la Marekani lilipoacha vyombo vyake baada ya kupigana na Wajapani. Vifaru vya vita aina ya Sherman navyo vikageuzwa na kiwanda cha Vickers kuwa matrekta, vikaitwa Shervick. Kwa karatasi hesabu ilipendeza: chuma kipo, bei ni nafuu, meli zipo.

Lakini vilipoteremshwa Dar es Salaam ilionekana kwamba vingi vilikuwa vimekaa juani na mvuani muda mrefu, na kutu ilikuwa imevila. Bandari yenyewe ilikuwa ndogo kwa shehena ile. Mto Kinyasungwe ukafurika ukaharibu reli, na mitambo ikakwama njiani. Huko Kongwa karakana haikuwa tayari, na vipuri havikuwako, kwa maana nani angekuwa na akiba ya vipuri vya mashine zilizokusanywa kutoka jeshini, kila moja ya namna yake? Waendeshaji walikuwa wamefundishwa kwa haraka. Mizizi ya vichaka vya Ugogo na mibuyu ikavunja visu vya mitambo. Kabla mwaka wa 1947 haujaisha, theluthi mbili ya matrekta yale yalikuwa yamelala. Walikuwa wamekusudia kulima eka 150,000 mwaka ule wa kwanza. Wakapanda chini ya eka 10,000. Mwezi wa Januari 1951 Serikali ya Uingereza ilitangaza kuuacha mpango, na hasara ilipita pauni milioni 35.

Watu hupenda kuicheka habari hii wakisema ati karanga hazikuota. Ni kweli mvua na udongo vilikuwa na sehemu yao kubwa. Lakini sisi twaona kwamba msiba ulianza siku ile walipohesabu bei ya trekta bila kuhesabu fundi, na bila kuuliza kipuri kitatoka duka gani. Wale walikuwa watu wenye elimu kubwa na hazina ya dola nzima nyuma yao, nao wakateleza hapo. Mtu wa Migato mwenye fedha za marobota ya pamba, je, ataweza kulipuuza swali lile lile?

Katika miaka ile ile chombo cha namna nyingine kilikuwa kinazaliwa. Wakati wa vita Marekani ilitengeneza magari madogo yaitwayo Jeep, yapata laki sita na zaidi, yenye kuvuta kwa magurudumu yote manne, yaliyopita matopeni mahali ambapo gari la kawaida lilizama. Vita vilipokwisha, Jeep nyingi zilibaki mikononi mwa raia. Bwana mmoja wa kiwanda cha Rover, jina lake Maurice Wilks, alikuwa na Jeep kuukuu shambani kwake huko Wales, akafikiri kwamba kiwanda chake chaweza kutengeneza gari la mkulima lenye nguvu kama hiyo. Chuma cha pua kilikuwa kikigawiwa kwa kibali, kwa hiyo wakaunda bodi kwa alumini. Rangi ya kwanza ilikuwa kijani. Tarehe 30 Aprili 1948 Land Rover ilionyeshwa kwa watu mjini Amsterdam. Ni ajabu kidogo kwamba gari lililokuja kujulikana Afrika nzima kwa uthabiti wake lilizaliwa kutokana na upungufu wa chuma na Jeep moja iliyochakaa.

Katika miaka ya 1950 Land Rover ilikuwa gari la Bwana Shauri, la bwana shamba, la mganga na la mmisionari. Mwalimu Julius Nyerere naye alizunguka Tanganyika kwa Land Rover ya TANU akitafuta uhuru. Katika Usukuma ulikuwapo mpango wa maendeleo wenye makao yake Malya, wa kuchimba malambo na kutunza ardhi, na watumishi wake walihitaji magari ya kuingia vijijini. Wamisionari wa Maryknoll kutoka Marekani, waliofika Musoma mwaka wa 1946 na kuenea hata pande za Maswa na Shinyanga, waliyakuta mabonde haya haya meusi. Katika wakati ule likatokea jambo jema ambalo Kongwa haikuwa nalo: mafundi. Kijana aliyekuwa turniboi leo, kesho alikuwa anashika spana, na baada ya miaka mitano alijua kufungua sanduku la gia chini ya mwembe. Land Rover ilikuwa imeundwa kwa bolti, si kwa siri. Springi ikivunjika ilitolewa, ikapelekwa kwa mhunzi, ikarudi. Mwezi wa Oktoba 2024 zilikusanyika Arusha Land Rover mamia kwa mamia katika tamasha, na nyingi kati yake zilikuwa na umri mkubwa kuliko madereva wake. Kiwanda chenyewe kilikuwa kimekwisha kutoa gari la mwisho la ukoo ule wa zamani huko Solihull mwezi wa Januari 2016.

Wajapani nao waliingia njia hiyo wakati wa vita vya Korea, kiwanda cha Toyota kilipounda gari la mfano wa Jeep. Mwezi wa Julai 1951 dereva wao wa majaribio alilipandisha katika mlima Fuji hata kituo cha sita, na mwaka wa 1954 likapewa jina la Land Cruiser. Tangu miaka ya 1960 magari hayo yakaja Afrika Mashariki kidogo kidogo, na katika miaka ya 1970 na 1980 yakaanza kuchukua mahali pa Land Rover. Leo Mtanzania ayajua kwa majina ya mtaani: lile kubwa la wakubwa huitwa shangingi, na lile la kazi, lenye bomba la hewa lililonyooka ubavuni kama pua ya tembo, wengi huliita mkonga.

Hata hapo, magari yaliyokwisha kutumika hayakuja kwa wingi. Baada ya Azimio la Arusha biashara ya kuagiza motokaa iliwekwa mikononi mwa shirika la umma, na fedha za kigeni zilikuwa haba. Mtu alipata gari kwa kibali, au hakupata. Mlango ulifunguliwa katika bajeti ya mwaka wa 1984, Serikali iliporuhusu mtu mwenye fedha zake ng'ambo kuingiza bidhaa asiulizwe alizipataje. Ndipo mabasi madogo, pikapu na motokaa kuukuu zikaanza kuteremka bandarini. Miaka ya 1990 biashara ikapanuka, mingine ikipitia Dubai. Na mtandao wa intaneti ulipofika, makampuni ya Japani, kama Be Forward iliyoanzishwa mwaka 2004, yakaanza kuuza moja kwa moja kwa mtu aliyekaa Mwanza au Bariadi, aonaye picha tu katika simu yake.

Kwa nini Japani hasa? Sababu ya kwanza ni ndogo lakini ndiyo yenye nguvu: Wajapani huendesha upande wa kushoto kama sisi, na usukani wao uko kulia. Sababu ya pili ni sheria yao ya ukaguzi. Motokaa mpya hukaguliwa baada ya miaka mitatu, na tangu hapo kila miaka miwili, na ukaguzi huo pamoja na matengenezo yake na kodi zake ni ghali. Basi Mjapani mwenye gari zima kabisa, akiona ukaguzi umekaribia, mara nyingi huona ni nafuu kuliuza na kununua jingine. Magari hayo hupelekwa katika minada, wakaguzi wa mnada huandika karatasi yenye alama ya hali ya gari, na wafanyabiashara hununua. Kisha gari huingizwa kwa magurudumu yake katika meli kubwa ya magari huko Yokohama, Nagoya au Kobe, au hufungwa ndani ya kontena, likavuka bahari hata Dar es Salaam.

Sasa tufike penye hesabu, na walimu wakipenda kuifanya darasani na wanafunzi, itawafaa kuliko nyingi zilizomo vitabuni. Muuzaji hutaja bei mbili. Moja ni bei ya gari likiwa bandarini kwake. Ya pili ni bei pamoja na nauli ya meli na bima hata Dar es Salaam, ndiyo waiitayo CIF, na kodi zote huanzia kwenye hiyo ya pili. Tena Mamlaka ya Mapato Tanzania, iliyoanza kazi mwaka 1996, ina orodha yake ya thamani za magari yaliyotumika. Risiti ya muuzaji yenye bei ndogo mno haiwezi kumdanganya afisa wa forodha. Tuseme thamani iliyokubaliwa ya Land Cruiser ya abiria, yenye umri wa zaidi ya miaka kumi na injini kubwa, ni shilingi milioni 20. Kwa viwango vilivyotumika kwa miaka mingi, ushuru wa forodha ni asilimia 25, yaani milioni 5. Jumla milioni 25. Juu ya hiyo huja ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 kwa sababu ya injini inayozidi ujazo wa 2000, yaani milioni 2 na nusu. Na ushuru wa uchakavu wa asilimia 30 kwa sababu ya umri, yaani milioni 7 na nusu. Jumla sasa ni milioni 35. Juu ya yote hayo kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18, yaani milioni 6 na laki 3. Zikijumlishwa, kodi peke yake ni milioni 21 na laki 3, nazo zimepita thamani ya gari lenyewe. Hatujataja tozo ya reli, wala ada za usajili, wala malipo ya wakala wa forodha, wala gharama za bandari gari likichelewa kutoka. Gari lenye umri kati ya miaka minane na kumi hutozwa asilimia 15 mahali pa 30, na pikapu na magari mengine ya kazi yana viwango vyao. Bunge laweza kuvibadili kila mwezi wa Juni. Mnunuzi na aulize kwanza.

Wakenya wamekwenda mbali zaidi: hawaruhusu kabisa gari lililopita miaka minane. Waganda walipitisha sheria mwaka 2018 ya kuzuia lililopita miaka kumi na tano. Tanzania haikufunga mlango, ila imeweka kizingiti kirefu. Makusudi ya sheria hizi twayaheshimu, kwa maana hakuna nchi ipendayo kuwa jalala la vyuma vya wengine, na moshi wa injini zilizochoka huingia vifuani mwa watoto wetu. Lakini hapa ndipo shida ya Migato ilipo, nasi hatutaki kuificha. Kodi humsukuma mtu anunue gari jipya zaidi. Udongo wa mbuga wamwambia anunue lile la zamani. Magari mapya yana vifaa vya umeme na kompyuta vinavyotawala injini, gia na breki. Kikiharibika kitu kidogo, taa huwaka mbele ya dereva, gari hukataa nguvu, na fundi wa kijijini aweza tu kusimama akilitazama. Lile la zamani lina springi za vyuma vya kupangwa, injini ya dizeli yenye pampu ambayo fundi huielewa, na magurudumu ya mbele yanayoshikishwa kwa mkono. Gari dogo la starehe ambalo kwa jina ni la magurudumu manne, lakini tumbo lake li karibu na ardhi, litapita lami ya Bariadi vizuri sana, na katika mbuga ya mwezi wa Machi litakaa juu ya tumbo lake kama kobe.

Kwa maoni yetu, parokia au zahanati yenye fedha kidogo ni heri ilipe ushuru wa uchakavu ipate gari la kazi lijulikanalo na mafundi, kuliko kukimbia ushuru huo na kupata gari lisiloweza kutengenezwa karibu kuliko Mwanza. Tunajua wako wasiokubaliana nasi, nao wana hoja: gari kuukuu hunywa mafuta, na kila mwaka hudai chake. Ni kweli. Lakini mama mwenye uchungu wa kuzaa usiku wa mvua haulizi gari lanywa lita ngapi.

Jambo la msamaha wa kodi halina budi kutajwa pia, kwa maana lahusu makanisa. Kwa muda mrefu mashirika ya dini yalisamehewa kodi kwa vyombo vya huduma kwa masharti. Mwaka 2009 Serikali ilileta katika bajeti shauri la kuondoa misamaha hiyo, ikisema imetumiwa vibaya; viongozi wa dini wakapinga, na shauri likarudishwa nyuma. Sisi twapenda kusema wazi kwamba lawama ile haikutoka hewani. Gari lililoingizwa kwa jina la kanisa kisha likaonekana likifanya biashara ya mtu binafsi ni wizi wa dawa na madaftari ya watoto, hata kama hati zake zina muhuri mzuri. Halmashauri ya parokia inayoomba msamaha na iwe na daftari la safari, lenye tarehe, kilomita na sababu, nalo lisomwe mbele ya waamini.

Katika kununua kwenyewe yako mambo ya kuangalia. Karatasi ya mnada iombwe, si picha tu, na asomaye Kijapani atafutwe, kwa maana maneno machache yaliyoandikwa kwa mkono pembeni mara nyingi ndiyo yenye habari. Kilomita zaweza kurudishwa nyuma. Gari lililokaa sehemu za theluji, mahali wanapomwaga chumvi barabarani, laweza kung'aa juu na kuwa limeoza chini ya fremu. Picha ya chini ya gari iombwe kila mara. Baada ya tetemeko na ajali ya mitambo ya nyuklia ya Fukushima mwaka 2011, ukaguzi wa mionzi uliongezwa kwa magari yatokayo Japani. Fedha zisipelekwe kwa jina la mtu, bali kwa akaunti ya kampuni iliyothibitishwa, maana wako matapeli wenye tovuti nzuri na magari yasiyokuwako. Na kabla ya yote hayo, aendewe fundi wa Bariadi au Maswa aulizwe: Gari la namna gani wewe walitengeneza kila wiki? Vichujio vyake, bereng'i zake na klachi yake vyapatikana katika duka gani? Akisita kujibu, mnunuzi asitume fedha.

Gari likiisha kulipiwa na kupewa namba, dereva hulichukua kutoka Dar es Salaam kwa njia ya Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega na Shinyanga. Hapo Mwigumbi huacha barabara ya Mwanza na kushika ile ya Maswa na Bariadi, ambayo siku hizi ni lami, jambo ambalo wazee wetu wangelistaajabia. Safari ya siku mbili, pengine tatu kwa mwenye busara asiyeendesha usiku. Lami ikiisha kuachwa kwa kuelekea vijiji vya Itilima, ndipo gari lililovuka bahari linapoanza kujaribiwa. Watoto hulikimbilia, wazee hulizunguka wakigonga bodi kwa kidole. Kazi huanza siku ile ile: saruji ya darasa, chanjo ndani ya sanduku la barafu, mwalimu mgonjwa, maiti ya kurudishwa kwao, katekista na baiskeli yake. Katika masika dereva mzuri huchukua jembe, kamba, mbao mbili na vijana wanne. Na likizama katika mbuga hata minyororo isisaidie, mtu hutumwa kijijini kuleta maksai, jozi mbili au tatu kwa kadiri ya mzigo, nao hufungwa mbele ya bampa na kulitoa taratibu mpaka kwenye luseni. Malipo ya mwenye maksai hupatanwa kwanza, kabla nira haijafungwa.